Kugongewa mlango saa tisa usiku

Mhariri,

Naomba nafasi niwajibu wanaosema kwamba vijana wanaoandika mtandaoni kuwa wamechoka kuishi wanatafuta kiki tu. Mdogo wangu alikuwa mmoja wao.

Saa tisa usiku aliwaandikia watu asiowajua mtandaoni kwamba hataki kuiona asubuhi. Mimi nililala chumba cha pili. Miezi ilipita ndipo aliponionyesha majibu yale kwenye simu. Wa kwanza alimwambia ajifunze kushukuru. Wa pili alisema mwenye nia hatangazi. Huo ni uongo, maana wengi wanaojiua huwa walishatoa dalili kwa mtu. Wa tatu, aliyejiita kwa herufi mbili tu, aliandika: “Pole sana. Unafikiria kujiua usiku huu?” Kisha: “Nani yuko nyumbani?” Akajibu, dada. “Kamwamshe. Nakusubiri.”

Akanigongea. Nilidhani ana homa.

Najua mtaniuliza kwa nini hakuanza kwangu. Alianza kwangu! Wiki mbili kabla aliniambia, “Dada, nimechoka,” nikamjibu huku nakunja nguo, “Nani hajachoka?”

Wala msiseme ni mambo ya kizazi cha simu. Mwaka 1953 kasisi Chad Varah wa London alifungua laini ya simu, ambayo baadaye iliitwa Samaritans, ili aliyekata tamaa apate kuongea na mtu asiyemjua. Asiyekujua hana aibu ya ukoo ya kuilinda. Ila mtandaoni humjui utakayemwangukia, wapo wanaochochea. Yule wa herufi mbili ninamshukuru zaidi kwa kumrudisha ndani ya nyumba.

Neno “kujiua” nililikwepa nikiogopa kumtia wazo. Daktari wa afya ya akili alinitoa ujinga huo: kuuliza waziwazi hakumtii mtu wazo, humpunguzia mzigo. Akatuagiza tuondoe vitu vya hatari, na kwa siku za mwanzo asiachwe peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya 700,000 hujiua kila mwaka. Sijui ni wangapi kati yao walijibiwa kama nilivyojibu mimi.

Siku hizi akinyamaza sana namuuliza jambo lenyewe, kwa jina lake. Mara nyingine hukasirika. Juzi alinitazama, akacheka: “Leo hapana, dada. Leo ni njaa tu.”

Msomaji wako,
Dada mtu