Kumwita Mungu Baba sio utovu wa adabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, hili jambo limenikaa moyoni wiki nzima. Kuna mzee aliandika humu akilalamika kwamba vijana wa makanisani siku hizi wamemzoea Mungu mno, kila sentensi ya maombi ni Baba, Baba, Baba, wengine wanafika mpaka kusema Dadi, wanaongea nae kama wanapiga stori kijiweni, wakati zamani mtu alianza na Ee Mwenyezi, Ee Bwana wa majeshi, na magoti yako chini. Mzee wangu, shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili na kuna mahali nakuunga mkono, kupiga magoti ni kuzuri na hiyo Dadi hata mimi inanikera, ila kwenye kiini chenyewe nadhani umekosea, na mimi hili jambo niliishi ndani yake kabla sijalisoma popote.

Mimi ni mtoto wa kulelewa. Nilichukuliwa nikiwa na miaka minane baada ya wazazi wangu kufariki, aliyenichukua alikuwa rafiki wa marehemu baba, fundi baiskeli hapa Morogoro, na alikuwa tayari na watoto wanne wa kuzaa. Sikunyanyaswa hata siku moja, niseme wazi maana watu wakisikia mtoto wa kulelewa wanawaza mateso tu. Ila kwa karibu mwaka mzima nilikuwa namwita Mzee. Wale wanne wanasema Baba, mimi nasema Mzee, na hakuna aliyenikataza kusema Baba, ni mimi mwenyewe nilikuwa naona lile neno lina wenyewe.

Nakumbuka siku daftari la hesabu lilipoisha. Nilisimama mlangoni nimeshika pindo la gauni, yeye amekaa kwenye kigoda na tairi limegeuzwa juu, mikono imejaa grisi, nikaanza shikamoo mzee, samahani mzee, kama una nafasi mzee, mwalimu alisema, lakini hata wiki ijayo sio mbaya... Akaweka spana chini akaniangalia. Akasema, "Mwanangu, mbona unaniomba kama mpangaji anayeomba kusogezewa kodi? Wenzio wanaingia hapa wanasema baba daftari limeisha, basi. Na we sema hivo." Sikuweza. Nilibaki nimesimama na machozi yananitoka, akaingiza mkono mfukoni akanipa hela ya madaftari mawili.

Na kuna kitu kingine, wanaojua maisha ya uswahilini wataelewa, mtoto wa nyumbani anajulikana kwa kufunua sufuria. Anatoka shule, hasalimii vizuri, anaenda moja kwa moja jikoni anafunua anaangalia kuna nini. Mimi nilikuwa nakaa kwenye jamvi nasubiri kuambiwa karibu chakula, nikiona kimechelewa nakunywa maji, na hata hayo maji naomba kwanza. Kila mtu alinisifu nina adabu. Mama mlezi wangu peke yake ndo alikuwa anasikitika, alikuwa anasema huyu mtoto bado yuko safarini.

Mzee wangu, naogopa kwamba heshima unayoililia wewe, nyingi yake ni ya namna ile.

Tuje kwenye Maandiko maana wewe ulitumia Agano la Kale peke yake (na hata humo Isaya 63 wanasema "wewe u baba yetu", lakini tuliache). Paulo kwenye Warumi 8:15 anasema "hamkupokea tena roho ya utumwa iletayo hofu, bali mlipokea roho ya kufanywa wana, ambayo kwa hiyo twalia, Aba, yaani, Baba". Hapo kwenye "kufanywa wana", kwa Kigiriki ni neno moja tu, huiothesia, ni neno la kisheria, maana yake kumfanya mtu awe mwana wakati hukumzaa. Kuasili kwa Kiswahili cha mahakamani. Kwenye Agano Jipya lote linatokea mara 5, zote ni nyaraka za Paulo, tatu Warumi, moja Wagalatia, moja Waefeso. Paulo hakuliokota hewani, aliandika Warumi kama mwaka 57 na watu wa Roma walilijua kabisa kwa sababu hata Kaisari aliyekuwa anatawala mwaka huo, Nero, hakuwa mtoto wa kuzaliwa wa Klaudio, Kaisari aliyemtangulia, aliasiliwa mwaka 50 na miaka minne baadae akakaa kwenye kiti wakati Klaudio alikuwa na mtoto wake wa kuzaa, Britanniko. Augusto, Kaisari wa kwanza, nae aliasiliwa na Julius Kaisari kwa wosia. Sasa Mkristo wa Roma, pengine mtumwa kabisa, mtu asiyekuwa na jina la ukoo, anasomewa barua kwamba Mungu amekufanya hivohivo, umepewa jina, umepewa urithi. Kwahiyo aliposikia kufanywa wana hakuwaza mtoto wa huruma anayelala jikoni, aliwaza mrithi.

Halafu mimi ni mwanamke na hapa nakishukuru sana Kiswahili. Kigiriki kinasema wana kwa maana ya wavulana, kwa sababu mrithi kamili wa enzi zile ndo alikuwa wa kiume, na wenzetu wanaotumia Kiingereza wana mjadala mrefu walitafsiri vipi ili wanawake wasijione wamewekwa nje. Sisi mwana ni mwana. Biblia yetu ya Union ikisema "hali ya kuwa wana" bibi yangu alikuwa anajisikia ametajwa bila maelezo yoyote. Na Paulo mwenyewe, mistari michache kabla ya kutaja kuasiliwa kule Wagalatia, ameshasema hakuna mtu mume wala mtu mke.

Kuhusu hiyo Aba. Ni Kiaramu, lugha aliyokua nayo Yesu nyumbani. Kuna kipindi wahubiri wengi walifundisha kwamba Aba ni neno la kitoto kichanga, kama Dadi, nadhani vijana wako wameitoa huko. Ilitokana na kazi za msomi mmoja Mjerumani, Joachim Jeremias, ila yeye mwenyewe baadae alirekebisha msimamo na mwaka 1988 msomi mwingine wa Biblia, James Barr, akaonyesha kwa undani kwamba watu wazima nao waliwaita baba zao Aba. Kwetu hili halina hata haja ya kusumbua kichwa. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anasema baba, na mzee wa miaka sitini amesimama kaburini nae anasema kwaheri baba, neno ni lilelile. Lina mapenzi na lina heshima kwa pamoja, huwezi kuvitenganisha. Ndo maana nasema Dadi haitusaidii, inatoa nusu ya neno inabakisha nusu.

Na angalia Yesu mwenyewe alilitumia wapi. Kwenye Injili zote nne Aba imeandikwa mara moja tu, Marko 14:36, Gethsemane usiku, anatoka kusema roho yake ina huzuni kiasi cha kufa. "Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki, walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Hapo hakuna kijiwe mzee wangu. Ni mtu yuko chini kifudifudi, na bado hajabadilisha jina. Hakusema sasa kwa vile mambo ni mazito ngoja nimwite kwa vyeo. Aliomba kitu waziwazi kama mtoto na akatii kama mtoto.

Sasa niseme kinachoniuma zaidi, ambacho wewe hukukigusa. Shida ya siku hizi sio kwamba tunamwita Mungu Baba sana, ni kwamba hilo neno tunampa mtu mwingine. Nilialikwa mkesha kwenye kanisa moja hapa mjini, spika kubwa, watu wengi, na kila aliyeshika maiki aliomba "Mungu wa Baba, nijibu", "Mungu wa Baba yetu, nikumbuke", na huyo Baba ni mchungaji aliyekaa pale mbele kwenye kiti cha fahari. Dada mmoja pembeni yangu alikuwa na mtoto anaumwa, analia kwa uchungu kabisa, nikamuuliza taratibu kwanini usimwite Mungu wako moja kwa moja, akanijibu dada mimi nani, Baba ndo anajulikana huko juu. Na bahasha alikuwa nayo mkononi. Mkono mtupu haulambwi, hiyo ni methali ya mtaani na mtaani iko sahihi, ila mtoto hamwendei baba yake na bahasha. Sijalala vizuri tangu siku ile.

Sisemi kumwita kiongozi wa dini baba ni dhambi. Wakatoliki wana Baba Paroko na Baba Askofu, sisi Walutheri nasi Baba Askofu tunasema, na Paulo mwenyewe aliwaambia Wakorintho kwamba yeye ndiye aliyewazaa kwa Injili. Najua pia Mathayo 23:9, pale Yesu anaposema msimwite mtu baba duniani. Baba wa kiroho anayemshika mtu mkono akampeleka kwa Baba wa mbinguni na kumwacha pale waongee wenyewe, huyo abarikiwe. Anayebaki katikati na kugeuka kuwa mlango wa kulipia, huyo amemrudisha mtoto kwenye jamvi la wageni.

Martin Luther kwenye Katekisimu Ndogo ya 1529, ile tuliyokaririshwa kipaimara, akifafanua maneno Baba yetu uliye mbinguni hasemi habari ya vyeo, anasema Mungu anatuvuta tuamini kwamba yeye ni Baba yetu wa kweli na sisi ni watoto wake wa kweli ili tumwombe kwa ujasiri kama watoto wapendwa wanavyomwomba baba yao mpendwa. Wa kweli. Nilikaririshwa nikiwa na miaka kumi na nne na nikakwama hapohapo kwenye hilo neno, mwalimu akadhani nimesahau.

Kasome tena Luka 15 mzee wangu, taratibu. Yule mwana mpotevu akiwa kule kwa nguruwe anaandaa hotuba, mwisho wake ni "nifanye kama mmoja wa watumishi wako". Alipofika akaanza kuisema, nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena, na pale kwenye habari ya utumishi hafiki, baba ameshageukia watumwa anaagiza vazi na pete. Kile kipande hakikusikilizwa. Na mkubwa wake aliyebaki nyumbani na adabu zake zote, maneno yake yote pale nje hayana "Baba" hata moja, anaanza na "tazama, mimi nimekutumikia miaka mingapi hii". Amekaa nyumbani miaka yote akihesabu mshahara.

Kuna watu neno lenyewe Baba linawachoma, hilo nalijua, nafundisha Sunday school na nina watoto ambao baba kwao ni mlevi, au kipigo, au mtu aliyeondoka na simu haipatikani. Siwalazimishi. Nawasomea Zaburi 27:10, baba yangu na mama yangu wameniacha bali Bwana atanikaribisha kwake, na Isaya 66 ambapo Mungu anasema atafariji kama mama anavyofariji, nawaachia wakae nayo. Kwangu lilichukua karibu mwaka na baba mlezi mwenyewe alikuwa mtu mwema, na hakuna aliyepiga kelele siku lilipotoka. Lilitoka bila kupanga, baiskeli ilikuwa inamwangukia nikapiga ukelele "Baba!", akaruka pembeni, akaiinua akaendelea na kazi. Jioni yake ndo nilienda jikoni nikafunua sufuria. Maharage.

Enzi zangu hakukuwa na mahakama katika hayo, ni familia zilikaa zikakubaliana na shuleni nikaandikwa kwa jina lake. Siku hizi kuna Sheria ya Mtoto ya 2009, Ustawi wa Jamii wanakuja kuangalia nyumba, na amri inatolewa na Mahakama Kuu, ikishatolewa mtoto ana haki kama aliyezaliwa pale. Nawaomba wachungaji na mapadre mkihubiri Warumi 8 mualike hata mzazi mmoja aliyeasili asimulie, watu wataelewa haraka kuliko Kigiriki changu hiki.

Baba alifariki 2011. Usiku wa kuandaa historia ya marehemu, baba mkubwa, kaka yake, aliagiza iandikwe "ameacha mjane na watoto wanne", halafu kwa chini "na mmoja wa kulelewa". Hakuwa na ubaya, alitaka taarifa iwe sahihi. Mama alikuwa amelala kwenye godoro pale chini na wanawake wenzie, hajala siku mbili, tukadhani hasikii. Akasema bila kuinuka, "Shemeji, mwenye watoto alikuwa anahesabu watano." Kaka yangu wa kwanza akakata ule mstari akaandika upya. Ile karatasi ninayo mpaka leo ndani ya Biblia yangu, imeandikwa kwa peni ya bluu.

Mwalimu wa Sunday school,
Morogoro