Tuuzieni nguo kwa bei yake, acheni kutuchezesha dubwi

Kwa Kitengo cha Huduma kwa Wateja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SANDUKU LA DHAHABU

Habari zenu huko mliko. Naandika kutoka Mtwara mjini, Chikongola, mchana nina kibanda cha kutengeneza simu pamoja na uwakala wa pesa na usiku ni kepteni wa kikosi kwenye gemu lenu, kikosi kina watu wa hapa Mtwara, wa Lindi, Masasi na wawili wako Nachingwea ambao mtandao ukiwasumbua tunakaa tunawasubiri. Nawaambia mapema msije mkadhani ni mzee fulani asiyejua gemu amekasirika kisa watoto wanashinda na simu. Gemu lenyewe zuri, ramani mpya iko poa, lagi imepungua, hapo hongereni kabisa. Shida yangu ni lile sanduku, lile mtu analipia kulifungua bila kujua atatoka na nini, akiwinda nguo ya dhahabu ya kumvalisha mchezaji wake.

Mmelileta na apdeti ya mwezi wa kumi. Sijui kama kuna mtu ofisini kwenu anajua kwamba mwezi wa kumi huku kusini ndo minada ya korosho inaanza na hela inaanza kuonekana mifukoni, nadhani hamjui, ila mmelenga utafikiri mnajua. Mimi nipo dirishani kwenye uwakala naona. Dogo anakuja kuweka hela kwenye laini, anasogea pembeni pale kwenye benchi, kidogo tu anarudi, "bro niongezee tena", sura imebadilika, na simu bado inawaka taa za sanduku lenu mkononi. Namuuliza umepata? Anasema imepita kidogo tu.

Sasa hiyo "imepita kidogo" ndo nataka tuiongelee. Ukibonyeza fungua, skrini inaingia giza, sanduku linatetemeka, mwanga wa njano unatoka, halafu picha za vitu zinaanza kukimbia, zinapunguza mwendo, zinapunguza, nguo ya dhahabu inafika katikati kabisa ya alama, unaiona, halafu inateleza hatua moja na kusimama kwenye rangi ya bunduki ambayo kila mtu anayo. Jamani! Wakati zile picha zinakimbia sava yenu imeshaamua zamani nani anapata nini, kule kuteleza ni mapambo tu, mtu amekaa akachora ili mimi nione nilikaribia. Hakuna kukaribia pale. Na inatokea hivyo hivyo kwa kila mtu kwenye kikosi, tumelinganisha video.

Halafu koini, ile hela ya ndani ya gemu tunayoinunua kwa shilingi. Vifurushi vyenu ni koini 300, 750 na 1,600. Kufungua sanduku moja ni 90, kufungua kumi kwa mpigo ni 800. Mtu akinunua 300 anafungua matatu, zinabaki 30 ambazo hazinunui chochote kwenye gemu zima. Akinunua 750 aende na yale kumi zinapungua 50, kwa hiyo lazima arudi tena dukani. Kifurushi pekee kinachogawanyika bila kubakiza, ukifungua kumi kumi, ni cha 1,600, kile cha bei mbaya. Mtaniambia imetokea tu? Huku kwetu kuna watu wa kangomba, wanazunguka kwa wakulima kabla ya msimu wananunua korosho kwa kupima na chombo, mzani hawautaki, maana ukiweka mzani mkulima atajua ameuza kilo ngapi kwa shilingi ngapi. Koini zenu ndo chombo hicho hicho. Hakuna sehemu hata moja kwenye skrini ya sanduku panaposema kwa shilingi kufungua mara moja ni bei gani.

Uwezekano wa kupata mmeuandika, sikatai, ila mmeuficha ndani ya kialama kidogo pembeni, unafungua ukurasa, unashuka chini, unafungua mwingine, kwa Kiingereza cha mkataba, ndo unakuta nguo ya dhahabu ni asilimia 0.5. Mimi nikachukua kikokotozi cha simu. Kwa asilimia 0.5 mtu akifungua masanduku 100, uwezekano wa kutoka bila ile nguo ni kama asilimia 60. Akifungua 200, bado ni zaidi ya asilimia 36. Madogo wengi wanaamini ukifungua 200 lazima ipatikane maana nusu asilimia ni moja kwa 200, na nyie hamna haraka ya kuwatoa kwenye hiyo imani. Ile wikiendi ya "nafasi mara mbili" ndo ilinichosha kabisa, bango kubwa, nguo ya dhahabu imesimama katikati, watu wakajaza koini, kumbe kilichoongezwa mara mbili ni vitu vya zambarau, vya daraja la chini yake, na dhahabu imebaki pale pale 0.5. Mmeandika chini kwa herufi ambazo kwenye simu ya kioo kidogo ni kama vumbi. Skrinishoti ninazo.

Kuna wenzangu wanasema kaka si lazima ununue, nguo ni urembo tu. Ingekuwa urembo nisingeandika barua. Bunduki inayokuja na ile nguo inajaza risasi haraka kuliko ya kawaida, tumepima tena na tena, kwenye kukutana uso kwa uso asiyenayo anakufa wakati bado anavuta magazini. Na hata ingekuwa urembo, kinachouzwa pale ni kubahatisha, na mnamuuzia mtoto wa darasa la sita. Hapa nchini mambo ya kubahatisha yana Bodi yake na umri ni miaka 18, banda la kubeti likikutwa linachezesha mtoto wa shule mwenye banda ana kesi. Nyie mnauliza mwaka wa kuzaliwa mara moja tu siku ya kwanza, na kila dogo anajua kujibu 1990.

Msiniambie haiwezekani kufanya tofauti maana imeshafanyika. Uchina tangu Mei 2017 kampuni zinatakiwa kutangaza uwezekano wa kila kitu kinachotoka kwenye masanduku. Ubelgiji mwaka 2018 tume yao ya michezo ya kubahatisha ilisema masanduku ya kulipia ni kamari, na kampuni kubwa zikayatoa kwenye nchi hiyo. Gemu la Rocket League liliondoa masanduku ya kufungwa Desemba 2019, saivi mtu anaona kitu na bei kabla hajalipa. Marekani mwezi Januari 2025 wenye gemu la Genshin Impact walikubali kulipa dola milioni 20 na wakazuiwa kuwauzia masanduku walio chini ya miaka 16 bila mzazi kuridhia. Najua mwanasheria wenu atanikumbusha Uholanzi, kwamba faini ya euro milioni 10 waliyopigwa kampuni ya magemu ya EA kwa masanduku kama haya ilifutwa Machi 2022, sawa, ilifutwa, lakini mimi sijawaandikia nyie kama hakimu, nawaandikia kama mteja ambaye amelipa na hajaonyeshwa bei.

Na wateja wakikasirika mnajua kinachotokea. Novemba 2017 wachezaji waliwashukia EA kwa masanduku ya gemu lao la Star Wars Battlefront II, jibu lao moja la kujitetea likapigwa kura za kukataliwa zaidi ya laki sita, na siku moja kabla gemu halijatoka rasmi wakazima manunuzi yote. Sisi huku tumeanza ya kwetu. Kikosi chetu na vikosi vingine vya Lindi na Mtwara tumekubaliana hakuna kununua koini, tunacheza bure tu, tunawajazia watu kwenye mechi zenu lakini shilingi hamuoni, na kila mmoja ameweka nyota moja na maelezo ya kwa nini. Wapo waliochomoka, siwezi kudanganya, kuna mmoja alionekana na nguo ya dhahabu usiku akasema amepewa zawadi, tumemuacha. Lakini msituchukulie poa. Huku ndo kule ambako Oktoba 2018 wakulima wa Tandahimba na Newala waliambiwa bei ya mnada wakaikataa, korosho zikakaa ghalani, mpaka serikali yenyewe ikaja kusema itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Malipo yalichelewa kwa wengi na watu waliumia, hilo nalo nalisema, ila kukataa bei tunakujua.

Hii siyo mara ya kwanza nawaandikia. Ya kwanza nilieleza vizuri tu, kwa adabu, nikajibiwa na roboti "asante kwa maoni yako, tunakuthamini", na kama pole mkanitumia sanduku moja la bure. Sanduku! Mtu analalamika kuhusu masanduku mnampa sanduku. Nikalifungua maana nilitaka kuona, likatetemeka, taa zikawaka, nguo ikapita, nikapata stika ya kuku amevaa miwani.

Kwa hiyo safari hii nasema ninachotaka moja kwa moja. Wekeni ile nguo dukani na bei yake kwa shilingi, iwe ghali basi iwe ghali, mwenye nacho atanunua na asiyenacho atajua hana. Kama sanduku lazima libaki basi ile 0.5 iandikwe kwenye kitufe chenyewe cha kufungua, kwa Kiswahili, maana gemu lina Kiswahili kila sehemu isipokuwa pale. Koini zilizobaki kwenye akaunti za watu, zile 30 zisizotumika, ziruhusuni zinunue kitu au mzirudishe. Na wale walionunua wikiendi ya nafasi mara mbili wakidhani ni dhahabu wanatakiwa kurudishiwa hela, siyo koini, majina ya akaunti za wa kikosi changu nimeyaambatanisha pamoja na risiti zao.

Nimeandaa nakala ya kupeleka kwenye Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na nyingine Tume ya Ushindani, bado ziko kwenye droo hapa kibandani. Zitakaa hapo mpaka mwisho wa mwezi. Naomba nijibiwe na mtu mwenye jina, hata akiwa anakataa, akatae kwa maneno yake mwenyewe.

Wenu mteja,
Kepteni, Chikongola, Mtwara