Kompresa mpya haidumu kwenye mabomba machafu

Ukituambia kompresa ya AC ya nyumbani kwako, ile pampu inayosukuma gesi, imeungua, bei tutakayokupa pengine itazidi ya fundi aliyepita jana. Kompresa ni ile ile. Kinachoongeza bei ni kusafisha mfumo, na hapo wateja huuliza: uchafu umeingiaje wakati kila kitu kimefungwa?

Haukuingia, umezaliwa humo humo. Mota ya kompresa inafanya kazi ndani ya oili na gesi. Umeme ukishuka sana, au ukikatika na kurudi papo hapo kabla presha haijatulia, mota inazidiwa, nyaya zinapata moto na mwisho zinapiga shoti. Moto huo unaunguza oili na kuivunjavunja gesi, na pakiwa na unyevu inatengenezeka asidi, ambayo husambaa pamoja na masizi. Ukifunga kompresa mpya juu ya asidi hiyo, italiwa nayo taratibu.

Oili isiyoungua ni angavu. Tunayomwaga kutoka kompresa iliyoungua huwa nyeusi na harufu yake inachoma pua. Usiishike kwa mikono mitupu. Hata ikionekana safi tunaipima asidi, maana macho hudanganya.

Ikithibitika kuna asidi, tunatenganisha mashine ya ndani na ya nje, tunapitisha dawa kwenye mabomba na koili, kisha tunaisukuma kwa naitrojeni mpaka itoke safi. Kapilari, kile kibomba chembamba kinachopitisha gesi kidogo kidogo, hatuhangaiki kuiosha, tundu lake ni dogo mno; tunaikata na kuweka nyingine, pamoja na draya mpya, yaani kichujio kinachonasa unyevu. Ukiona fundi anapuliza mabomba kwa mtungi wa oksijeni, msimamishe mara moja: oksijeni yenye presha ikikutana na oili inaweza kulipuka. Petroli nayo si dawa ya kazi hii.

Tukishachomelea na kuhakikisha hapavuji, pampu ya vakyumu inanyonya hewa na unyevu hadi geji isome chini ya mikroni 500, yaani karibu hakuna hewa iliyobaki. Hapa ndipo wateja huchoka, kwa sababu pampu inanguruma tu na hakuna kinachoonekana kufanyika. Vumilia. Kufukuza hewa kwa kuachia gesi kidogo hakutoshi, hasa kwa AC za gesi ya R410A, ambazo oili yake hunyonya unyevu upesi, na hewa ya Dar es Salaam inakauka lini? Gesi yenyewe tunaipima kwa mizani, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje.

Kama AC yako ni ya gesi ya zamani ya R22, ya miaka mingi, na koili ya nje imeshaliwa na chumvi ya bahari kama tunavyokuta Kigamboni, tutakushauri ununue mpya. Hatutaki kula hela yako kwa matengenezo ya miezi michache.

Na kabla ya kuwasha, tunaangalia kama una kifaa cha kulinda AC, kile kinachokata umeme ukiyumba na kusubiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kuurudisha. Kama hakipo, tunakifunga kwanza.