Aliyebaki na Kondoo: Salamu za Noeli kutoka Mongolia

Tumsifu Yesu Kristo!

Shikamooni baba, mama, bibi, na wazazi wote wa jumuiya yetu. Wadogo zangu, marahaba. Mama zangu wa WAWATA, vijana wenzangu wa VIWAWA, watoto wa Utoto Mtakatifu, na nyie wanakwaya ambao najua hadi sasa mnagombania nani aimbe solo ya mkesha: Heri ya Noeli. Jua letu huku linatangulia la kwenu kwa saa tano. Tutakapoanza misa ya mkesha saa moja usiku, Iringa itakuwa saa nane mchana, na jogoo wa sikukuu bado atakuwa anakimbizwa uani.

Wengi mmeniuliza Noeli ya huku ikoje. Jibu fupi ni kwamba ni siku ya kazi. Tarehe 25 Desemba ofisi zinafunguliwa, watoto wanakwenda shule na mama wa dukani anakupimia mchele kama jana yake. Nchi ina watu kama milioni tatu na nusu, na Wakatoliki wote, kuanzia kardinali mpaka mtoto aliyebatizwa Pasaka iliyopita, hawafiki 2,000. Siku ya kipaimara kuna parokia zetu huko zinazojaza watu kuliko hao. Kanisa lenyewe bado changa. Wamisionari watatu wa kwanza, wa shirika la Scheut ambalo ndugu zetu wa Congo wanalijua vizuri, walifika Julai 1992 baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka, wakaanzia sifuri. Padre wa kwanza Mmongolia amepadirishwa 2016. Mwaka 2016 mimi nilikuwa sekondari, nina mapadre watatu kwenye ukoo na sikuona kama ni jambo la ajabu.

Msidhani mji hauna mapambo. Tangu mwanzoni mwa Desemba kuna miti inayometameta kila mahali, watoto wanafundishwa nyimbo, na kuna mzee mwenye ndevu nyeupe na gunia la zawadi. Ila huyo ni Babu wa Majira ya Baridi, na mti ni wa Mwaka Mpya, desturi iliyoachwa na enzi za ukaribu na Warusi. Wabudha nao, ambao ndio wengi, wana sikukuu yao ya taa kwenye majira haya haya, wanapomkumbuka mwalimu wao Tsongkhapa. Kwa hiyo sisi na pango letu dogo tumebanwa katikati ya sherehe mbili za wenyewe. Kwetu Noeli ilikuwa inanibeba. Ningelala, ningenuna, ningegombana na dada kuhusu gauni, Noeli ingekuja tu na ngoma zake. Huku tusipoibeba sisi wachache, jua litachwa tarehe 25 bila mtu kujua kuna kitu kimepita.

Kuhusu baridi nisiwachoshe, maana najua mtasema sista anadeka. Wenyeji wanaigawa katika tisa tisa: kuanzia tarehe 22 Desemba hivi, siku 81 zinahesabiwa kwa mafungu tisa ya siku tisa tisa, na kila fungu lina sifa yake. Katika tisa ya kwanza inaganda pombe ya maziwa. Katika ya pili inaganda pombe kali. Katika ya tatu zinaganda pembe za fahali wa miaka mitatu. Mpaka ya sita ndipo njia zinaanza kuonekana chini ya theluji. Noeli inaangukia tisa ya kwanza, kwa hiyo tunaambiwa tushukuru. Nilianika kitenge nje asubuhi, kile mlichonipa siku ya nadhiri, mchana nikakikuta kimekakamaa. Nilikiingiza ndani kimesimama, nikakiegemeza ukutani mpaka kikalegea na kuanguka chenyewe. Bibi, kile kijibaridi cha Julai ambacho watu wa Dar wanakisema vibaya, huku ni cha kwendea ufukweni.

Lakini ndani kuna moto. Familia nyingi tunazozitembelea zinaishi kwenye ger, nyumba ya mviringo ya miti iliyovikwa manyoya mazito ya kondoo yaliyoshindiliwa, na katikati kuna jiko la bati linalokula samadi kavu. Unaingia bila kukanyaga kizingiti, unapita upande wa kushoto, unakaa. Chai inakuja ina maziwa na chumvi. Ndiyo, chumvi. Unaipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, vile vile mama alivyotufundisha kupokea kitu kwa mkubwa, na hapo ndipo nilipopata wenyeji wangu wa kwanza: kikongwe mmoja aliuona mkono wangu wa kushoto ulivyokwenda kwenye kiwiko, akaniuliza nani alinifundisha. Nikasema mama. Akaniongezea chai. Wazee wa kiume wao wanasalimiana kwa kupeana kichupa cha ugoro, kila mmoja ananusa cha mwenzake na kumrudishia. Marehemu babu angehamia huku bila kuomba hata nauli ya kurudi.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike waraka mrefu badala ya kuwatumia kadi ya WhatsApp yenye mishumaa.

Pango la kanisani kwetu limejengwa kwa umbo la ger. Kina mama wa mradi wa ushonaji wametengeneza kila kitu kwa manyoya ya kondoo: Maria amevaa joho la kifugaji na mshipi wa njano, Yosefu ana kofia yenye masikio, ngamia ana nundu mbili. Mzee mmoja jirani, ambaye si Mkristo, anapita kwetu mara moja moja kuota moto. Wiki hii alikuta tunapanga wachungaji, akaomba aelezwe kisa chao. Katekista akamsimulia: walikuwa makondeni wakilinda kundi usiku, malaika akawatokea, wakaondoka kwa haraka kwenda kumwona mtoto. Mzee akasikiliza vizuri. Halafu akawahesabu kwa kidole wachungaji waliopiga magoti, akawahesabu na kondoo waliokuwa pangoni, akauliza: “Nani alibaki na kondoo?”

Tukatazamana. Katekista akacheka kidogo. Mzee hakucheka. Akatueleza, kama mtu anayewaeleza watoto, kwamba usiku wa baridi huwezi kuliacha kundi. Kuna mbwa mwitu, na baridi yenyewe ni mbaya kuliko mbwa mwitu. Na alikuwa anajua anachosema: majira ya baridi ya 2023 kuingia 2024, nchi hii ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 7. Watu walilala wafugaji, wakaamka hawana kitu. Kwa hiyo kwake jibu lilikuwa wazi hata kama kitabu hakikulitaja. Kuna mtu alibaki. Kaka mkubwa, au mke wa mmoja wao. Akamaliza chai yake, akavaa kofia, akaenda kuangalia mbuzi.

Nimesikia sura ya pili ya Luka tangu nikiwa mgongoni. Nimeisoma mimbarini, nimeifanyia tafakari unovisini, nikiwa bado kwenye malezi ya utawa. Sijawahi kujiuliza swali hilo, na tangu siku ile haliniachi.

Maana mimi ni mmoja wa walioondoka kwa haraka. Siku ya nadhiri zangu mlikodi Hiace mbili, mkaja na vigelegele, ng'ombe akaanguka, padre akasema ukoo wetu umetoa sadaka kubwa. Nilivishwa shada. Kesho yake alfajiri kaka aliamka akaenda kupalilia mahindi, kwa sababu mvua haikujua kwamba kuna sherehe. Yeye hakuvishwa kitu. Ndiye aliyeacha chuo ili mmoja wetu asome, ndiye anayempeleka bibi kliniki, ndiye aliyekaa na baba hospitali mimi nikiwa najifunza kusema “theluji” kwa Kimongolia. Sisi watawa, niseme tu ukweli na asiyependa anisamehe, tunajua sana kuhesabu tulichoacha. Tumeacha baba na mama, tumeacha nyumba na mashamba. Tuliowaachia hayo mashamba hawatajwi kwenye hotuba.

Na hapa nimkumbushe mtu mmoja. Shirika letu la Konsolata lilianzishwa Torino mwaka 1901 na Padre Giuseppe Allamano. Mwaka uliofuata wana wake walikuwa Kenya, 1910 akaanzisha masista, na 1919 wakafika kwetu Iringa kushika kazi ambayo Wabenediktini Wajerumani walilazimika kuiacha kwa sababu ya vita. Leo wako mpaka huku nyikani. Lakini Allamano mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika hata siku moja. Afya yake haikumruhusu kwenda misioni, na alikuwa na patakatifu pa Konsolata pa kutunza, kazi aliyoishika tangu 1880 mpaka alipofariki 1926. Aliwatuma wenzake, akabaki akisoma barua zao. Tarehe 20 Oktoba 2024 Kanisa limemtangaza mtakatifu. Nilifurahi siku ile kwa sababu ni baba yetu wa shirika. Mwaka huu, baada ya swali la yule mzee, nafurahi upya kwa sababu nyingine: ni mtakatifu wa misioni aliyebaki nyumbani.

Bibi, unakumbuka ulivyokuwa unatusimulia habari za sista wa Kiitaliano aliyewafundisha kushona pale Tosamaganga? Ulisema kila Noeli baada ya misa alijifungia chumbani saa nzima, na nyie watoto mkachungulia dirishani mkaona ameshika makaratasi, mkatangaza kijiji kizima kwamba sista anahesabu pesa. Zilikuwa barua, bibi. Nakuhakikishia zilikuwa barua. Na huko kwao kulikuwa na dada yake aliyeziandika, aliyebaki na mama mzee na ng'ombe wachache. Tunawaombea marehemu wamisionari kila Novemba. Yule dada nimeanza kumwombea mimi, ingawa jina lake silijui.

Wa kutoka mbali kufika huku wakati wa Noeli si mimi wa kwanza, msije mkanipa sifa hiyo. Siku za Noeli ya 1253, Mfransisko mmoja aitwaye William wa Rubruck alifika kwenye kambi ya Möngke Khan, mtawala wa Wamongolia, akiwa peku, kwa sababu kanuni yao ilitaka hivyo, mpaka vidole vya miguu vikaganda ikabidi avae viatu. Aliposimama mbele ya khan, mkalimani wake alikuwa amelewa. Nikishindwa kumaliza sentensi ya Kimongolia mbele ya darasa la katekesi, namkumbuka huyo na kujiona nina afadhali.

Basi nina maombi, na kwa kuwa ni Noeli hamwezi kukataa. Usiku wa mkesha, mkitoka kanisani, msiwapite walinzi wa parokia. Wale wazee wawili wamelinda pikipiki zetu mikesha yote ninayoikumbuka, na sijawahi kuwaona ndani ya misa ya mkesha hata mara moja. Mmoja wenu awashikie rungu na tochi kwa zamu, ili kila mmoja apate kuingia hata kwenye Gloria. VIWAWA, hiyo kazi nawapa nyie, na nitauliza. Mama zangu wa WAWATA, sahani za pilau za kwanza kabla ya meza kuu ziende kwa manesi walio zamu. Na yule mwalimu aliyehamishiwa kwetu kutoka Kagera, ambaye nasikia anapika peke yake, asipike peke yake siku hiyo. Mgeni hachagui meza, lakini meza inaweza kumchagua.

Kaka, wewe sina cha kukutuma, umetumwa vya kutosha. Wale kina mama wa ushonaji nimewaomba mchungaji mmoja zaidi wa manyoya. Tumemweka nje ya pango, karibu na mlango, na kondoo sita. Mzee alipopita jana alimwona, akatikisa kichwa kukubali, kisha akasema kondoo sita ni wachache mno, huyo ni maskini. Kwa hiyo kina mama wanaongeza.

Mama, nguo za joto zinatosha, usitume sweta. Nitumie dagaa akitokea mtu wa kuja, ingawa najua hatatokea. Baba, dawa za presha zinamezwa hata siku ya sikukuu.

Nitapiga simu ya video tarehe 25 saa kumi jioni ya huko, ambayo kwetu ni saa tatu usiku, tukishamaliza kula buuz, vile vidonge vya unga vyenye nyama ya kondoo nilivyowatumia picha. Mtandao ukigoma nitajaribu tena baada ya nusu saa, msiondoke sebuleni. Na safari hii bibi aishike simu mbele ya uso. Noeli iliyopita aliibandika sikioni, nikaongea na hereni yake robo saa nzima.

Mbarikiwe sana, na mwaka mpya wenye mvua za kutosha.

Sista wenu, Mongolia