Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Wazee wetu mliopigana Vita vya Kagera, kina mama wajane, watoto na wajukuu wa keya, wale askari wa King's African Rifles wa enzi za Mwingereza, salaam.

Shughuli za kawaida mnazijua. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, tuliadhimisha: mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, shoka na shada la maua viliwekwa kwa utaratibu wake. Misiba minne tulishiriki, makaburi yalifyekwa mara tatu. Sina la kuongeza hapo.

Niingie kwenye kibao cha shaba chenye majina ya marehemu wetu, maana maneno yamekuwa mengi. Ni kweli, mimi ndiye niliyekataza kukisugua kwa ndimu na majivu, na mimi ndiye niliyeiomba kamati ihamishe shilingi 180,000 za fulana zikanunue nta na brashi. Anayesema mwenyekiti kaacha kibao kiwe cheusi akapitishe kidole kwenye majina. Ndimu ni asidi, majivu ni msasa. Kila Julai vilikuwa vinakula herufi. Mstari wa tatu, mguu wa R umeshalika, inasomeka P. Jina la marehemu tumelibadilisha kwa mikono yetu, tukidhani tunamheshimu. Yule askari wa shaba wa Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, kasimama tangu 1927 na weusi wake, sijasikia anayetaka ang'arishwe.

Sasa kibao kinaoshwa kwa maji ya bomba, si ya kisima chetu cha chumvi. Sabuni ya maji isiyo kali, kijiko kimoja kwa ndoo ya lita 10, na brashi ya nywele laini. Jiki hapana. Brashi ya waya hapana kabisa: chembe zake hubaki kwenye mawe na kutoa kutu. Suuza mara mbili, kausha kwa kitambaa cha pamba, kiache juani mpaka kipate joto, ndipo nta ipakwe nyembamba na kusuguliwa. Hapa Tanga upepo wa bahari hauleti masihara. Nta ikifunika chumvi, vidoa vya unga wa kijani huchomoza chini yake. Ndivyo ilivyotokea Machi. Walioahidi kuja walikuwa sita, wakafika wawili, wakaharakisha kusuuza. Lawama nikabeba mimi.

Wanachama tuko 64; waliolipa ada ya 12,000 ni 23, yaani 276,000. Michango 140,000, matumizi yote 389,500, salio 26,500. Mkutano uliopita walihudhuria 17 wakati akidi ni 32. Nimepitia daftari: waliopiga kelele kuhusu fulana, wengi hawajalipa. Brashi ya pili nilinunua kwa fedha yangu, wala sidai.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kuziba nyufa za msingi wa kibao kwa chokaa badala ya saruji, ambayo ni ngumu kuliko mawe yetu ya matumbawe na huyapasua. Lini, itategemea. Mweka hazina yuko mlangoni na kitabu cha stakabadhi.