Zaha ya Lengai si nyekundu

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka kumi na tisa sasa na sijawahi kukuandikia hata mstari. Mlipokosea matokeo ya mpira nilinyamaza, mlipokosea ya uchaguzi nikanyamaza zaidi. Ila ile habari ya Ol Doinyo Lengai, volkano yetu ya kaskazini mwa Tanzania, imenishinda.

Eti mlima "unatiririsha zaha nyekundu ya nyuzi 1,200", yaani mawe yaliyoyeyuka, na juu yake mkabandika picha ya mto wa moto unaomwagika baharini. Baharini, Mhariri! Ukiwa Lengai maji unayoyaona ni ya Ziwa Natron, nayo magadi matupu.

Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotema kitu kama cha kwetu. Zaha yake ni kabonati za sodiamu na kalisiamu, ndugu wa magadi tunayochemshia maharage. Inatoka na nyuzi 500 hadi 600 tu, nyeusi kama oili chafu, nyepesi kama uji uliopungukiwa unga. Wekundu wake ni hafifu na hauonekani ila gizani. Ikipata unyevu inageuka nyeupe ndani ya siku chache, wageni wanaapa ni theluji.

Sasa sikia picha zenu zinavyotuponza sisi tunaoongoza wageni. Mwaka juzi nilipandisha mtu na mkewe. Tuliondoka usiku wa manane kama kawaida, maana jua la kule halina huruma, na sehemu za juu unapanda kwa mikono na magoti. Alfajiri tukafika ukingoni. Bwana akachungulia shimoni, weusi unachemka chini, pwata, pwata, kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Akaniuliza moto uko wapi. Nikamwonyesha. Akatoa simu, picha nyekundu ile ile, akasema nimempandisha mlima usio wenyewe! Akanidai hela yake pale pale, mita 2,900 hivi juu ya bahari mnayoipenda, mkewe anaona haya, mimi soli ya kiatu cha kushoto imebanduka nimeifunga kwa kamba. Nilimrudishia theluthi ili yaishe. Hiyo theluthi nani ananilipa?

Halafu mnasema mlima "umelala tangu 1967". Julai 2007 ardhi ilitikisika hadi watu wa Nairobi wakakimbia maghorofani, na tarehe 4 Septemba Lengai akalipuka, majivu yakafunika malisho, wafugaji wakahamisha ng'ombe. Kreta, yaani mdomo wa mlima, tuliyokuwa tunaitembea kama uwanja wa mpira ikageuka shimo refu. Usingizi gani huo?

Na kwa kuwa kalamu ninayo: kutoka Mto wa Mbu hadi Engaresero, kijiji cha chini ya mlima, mgeni anasimamishwa getini, analipa, anapewa risiti. Anakwenda kidogo, geti jingine, risiti nyingine. Ananiuliza mimi kwa nini, kana kwamba geti nimelijenga mimi, na barabara ni vumbi na mawe yale yale.

Huyo mchagua picha wenu nitampandisha bure. Aje Jumanne yoyote mwezi ukiwa mchanga, aonje giza la kule, na lita nne za maji, tochi ya kichwani, na viatu ambavyo havihitaji tena. Hela ya mageti aje nayo mwenyewe.

Mwongoza wageni,
Mto wa Mbu