Ile nyumba ya Mizingani ina historia ndefu

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Kila nikipita Mizingani pale Zanzibar naiangalia ile Dispensari ya Zamani, zile roshani zake za mbao zilizochongwa, aisee uzuri wake hauchoshi macho! Wengi wanapiga picha wanaondoka, hawajui imepita mikono mingapi.

Tharia Topan, tajiri wa Kihindi, alianza kuijenga 1887 akitaka iwe hospitali, akafariki 1891 kabla haijaisha, mjane wake akaendeleza mpaka ikakamilika 1894. Mwaka 1900 ikanunuliwa na familia nyingine ya wafanyabiashara, chini ikawa dispensari ya sadaka na juu watu wanaishi, ndo jina likabaki hilo mpaka leo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaachwa, ikachakaa vibaya mno, hadi miaka ya 90 taasisi ya Aga Khan ilipoikarabati.

Mi naomba wahusika wawafundishe watoto wa skuli habari hizi hapohapo mlangoni, na kwa Kiswahili. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani, iko hatua chache tu na tuliona sehemu yake ikiporomoka Desemba 2020, roho bado inaniuma.

Msomaji wenu, Unguja